Kambi ya Mei kando ya Ziwa Superior: pangia ziwa, usipangie kalenda

Mei ikifika, Minneapolis na Saint Paul hujaa watu wenye kaptura. Nyasi zimekuwa kijani, majiko ya kuchomea nyama yametolewa nje, na familia za Waafrika Mashariki wanaoishi Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, huanza kuulizana nani ana hema la ziada kwa wikendi ya Memorial Day, sikukuu ya Jumatatu ya mwisho ya Mei. Wengi huelekea kaskazini: saa mbili na nusu kwa gari hadi Duluth, kisha barabara kuu namba 61 inayoambaa na Ziwa Superior hadi mpaka wa Kanada, kama kilomita 240 hivi. Sisi tunaotoa elimu ya usalama wa nje huwa na ushauri mmoja kwa wasafiri hawa, na mengine yote yanatokana nao. Safari hiyo ipange kwa kufuata ziwa. Hali ya hewa ya mjini isikudanganye.

Aliyekulia Kisumu, Mwanza au Bukoba huona ziwa kubwa si jambo geni kwake. Kwa upana hajakosea sana, maana Superior lina kilomita za mraba 82,000 hivi, na Victoria 68,000 na ushei. Tofauti iko kwenye kina. Victoria penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo, Superior ni mita 406. Maji mengi kiasi hicho yamepoa kwa nusu mwaka, na wiki tatu za jua la Mei hazitoshi kuyapasha. Mwezi huo maji ya juu huwa nyuzijoto 3 au 4 za Selsiasi, sawa na maji ya friji. Upepo ukitoka nchi kavu utavua sweta. Ukigeuka na kuvuma kutoka ziwani, joto hushuka nyuzi kumi ndani ya dakika chache na ukungu hupanda hadi barabarani. Usiku wa kukaribia sifuri ni wa kawaida, na theluji ya Mei imeshaonekana Duluth zaidi ya mara moja.

Kwa hiyo maandalizi yaanzie kitandani. Watu hununua hema zuri na mfuko wa kulalia wa bei nafuu, wakati inafaa kuwa kinyume chake. Angalia namba iliyoandikwa kwenye mfuko. Mara nyingi ziko mbili: moja ni ya kulala kwa raha, nyingine ni kikomo, yaani baridi ambayo mtu mzima aliyejikunyata ataivumilia bila kustarehe. Nunua kwa kuangalia ile ya raha, na kwa Mei tafuta sifuri ya Selsiasi au chini yake. Madukani Marekani namba ni za Farenhaiti, na mifuko ya bei rahisi inayojaa rafuni huandikwa 40. Hiyo ni nyuzi 4 za Selsiasi, na huo ni mfuko wa Julai.

Chini ya mfuko, weka kitu cha kukutenga na ardhi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu uzito wa mwili hukandamiza manyoya ya mfuko upande wa chini na baridi ya udongo hupita moja kwa moja. Godoro la kawaida la kujaza upepo halisaidii, kwani hewa iliyomo ndani huzunguka na kupoa pamoja nawe. Godoro la sponji ngumu lenye unene wa sentimita moja au mbili, hata la bei ndogo, likiwa juu yake au peke yake, hubadilisha usiku mzima. Kula kitu chenye mafuta kabla ya kulala, badili soksi hata kama hazijalowa, na usivumilie haja ndogo hadi asubuhi.

Nguo za pamba ziache kwa siku ya jua. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki mwilini, na huendelea kunyonya joto lako. Sufu na nguo za nyuzi za plastiki hubakiza joto hata zikiwa na unyevu. Kanga nayo ni pamba: nzuri ya kujitandia ndani ya gari, si ya kujifunga ukishanyeshewa.

Ndani ya maji hali ni nyingine kabisa. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba amewafundisha waokoaji kanuni ya moja, kumi, moja. Mtu akitumbukia kwenye maji ya baridi kali ana dakika moja ya kutuliza pumzi, maana mwili hushtuka na kuhema bila hiari, na mdomo ukiwa chini ya maji hapo ndipo anapozama. Kisha ana kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inamtii. Saa moja hupita kabla baridi yenyewe haijamzimisha fahamu. Kwa maneno mengine, wanaokufa Superior wengi hawafi kwa kuganda. Wanazama mapema, wakiwamo waogeleaji hodari waliokulia pwani. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe kabla ya kupanda mtumbwi. Watoto wanaorusha mawe kwenye miamba ya ufukweni wawe na mtu mzima anayewatazama bila simu mkononi.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu waingize jiko la mkaa ndani ya hema. Nyumbani tumezika watu kwa sababu hii: jiko limewekwa chumbani, dirisha limefungwa, asubuhi mlango unavunjwa. Hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo kuliko vyote. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, na makaa yanayoonekana kama majivu bado yanaitoa. Jiko la gesi nalo libaki nje. Akishindwa mtu kabisa na baridi, aende kulala kwenye gari lililozimwa injini.

Moto wa nje una hatari yake pia, na hii huwashangaza wageni: majira ya machipuko ndiyo msimu mkuu wa moto wa nyika Minnesota. Theluji imeondoka, nyasi za mwaka jana zimekauka, majani mapya bado. Tarehe 5 Mei 2007, moto wa kambi karibu na Ham Lake, kwenye barabara ya Gunflint Trail, uliwatoka watu mkononi na kuteketeza takriban kilomita za mraba 300 za msitu Minnesota na ng'ambo ya mpaka, Ontario. Uzime kwa maji, koroga, mwaga tena, hadi uweze kugusa majivu kwa mkono. Kuni usizibebe kutoka mjini. Mdudu wa kijani anayetoboa na kuua miti ya ash, aliyegunduliwa Minnesota mwaka 2009, husafiri ndani ya kuni, na hifadhi za jimbo huruhusu tu kuni zilizoidhinishwa.

Kuhusu tarehe: viwanja vya kambi katika hifadhi za jimbo hufunguliwa kwa maombi siku 120 kabla, kwa hiyo anayetaka Memorial Day akiwa Gooseberry Falls au Tettegouche anashindania nafasi tangu Januari. Gari nalo hulipiwa, kwa siku au kwa mwaka. Mimi ningependekeza wiki ya tatu ya Mei kwa watu wazima: maporomoko yamejaa maji ya theluji, mbu bado hawajaanza kwa nguvu, na jua halizami hadi saa mbili na nusu usiku. Kumbuka tu kwamba baadhi ya njia za miguu huenda bado zimefungwa kwa sababu ya matope. Wenye watoto wadogo wangoje katikati ya Juni, au wapige kambi kwenye maziwa madogo ya bara, mbali na pumzi ya Superior.

Dubu wameamka na wana njaa, hivyo sufuria ya pilau lililobaki isilale mezani. Ifungie kwenye gari pamoja na dawa ya meno na sabuni.

Kupe nao wameamka. Kupe wa miguu myeusi hueneza ugonjwa wa Lyme, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 akiwa amejibandika ndipo aambukize. Ukaguzi wa kila jioni basi ni kinga ya kweli: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, kwenye nywele za watoto. Ukimwona, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti havisaidii. Andika tarehe. Ndani ya mwezi mmoja, homa au doa jekundu linalotanuka ni sababu ya kwenda hospitali. Kama aliyeumwa ni mama au shemeji aliyekuja kutembea na sasa amerudi Nairobi au Dar es Salaam, atapimwa malaria kwanza, na ni sawa, lakini amtajie daktari kupe, mahali na ile tarehe.