Karipio si onyo

Karipio ni maneno makali anayopewa mtu na mkubwa wake kwa jambo ambalo ameshalitenda. Ningeishia hapo, lakini wiki iliyopita kijiwe chetu cha kahawa Mikindani kiliingiwa na habari kutoka mbali: kiongozi mmoja kamgeukia kwa ukali aliye chini yake, kisa huyo wa chini kutwa anamnanga mbunge kwenye mikutano ya hadhara. Muuza kahawa, birika mkononi, akauliza, "Kwa hiyo kapewa onyo?" Watu wazima sita wakaitikia kwa pamoja kwamba ndiyo, onyo. Kashata ikanishinda kumeza.

Onyo limezaliwa na kuona. Ukimfanya mtu apone, umemponya. Ukifanya watu wagawane, umewagawanya. Ukimfanya aone, umemwonya. Hata onyesha limebeba onya hilo hilo tumboni, likaongezewa mkia wa pili (wanaogombana kila siku kama ni onesha au onyesha wangeanzia hapa). Kumwonya mtu basi ni kumtazamisha kitu ambacho bado hajakifikia. Babu yangu alikuwa mvuvi. Dau likikaribia mwamba maji yakiwa yamekupwa, hakupaza sauti, alinyoosha kidole tu: "Pale, panapovunjika povu." Aliyeshika usukani alikuwa bado ana nafasi ya kugeuza. Dau likishapasuka ubavu, babu alikuwa na maneno mengine kabisa, na hayo siyaandiki.

Huyu bwana wa mikutano alikuwa ameshapasua dau. Maneno yalishatoka, spika zilishayabeba, mbunge alishayasikia. Mkubwa wake hakuwa anamwonyesha mwamba, alikuwa anamuuliza mbao ziko wapi. Ukiita onyo, unamfanyia hisani asiyostahili, kana kwamba kosa lilikuwa bado njiani. Tena kama ni mtu wa serikali, Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hiyo alikuwa jukwaani anamvaa mmoja wa wasimamizi wake.

Liko jingine, na hapa hata wanaolijua neno huteleza. Kukaripiwa na kupewa karipio ni vitu viwili: la kwanza ni kufokewa, la pili ni adhabu rasmi. Februari 2020, Kamati Kuu ya CCM ilipomfukuza Bernard Membe, mtu wa huku kwetu Kusini aliyekuwa mbunge wa Mtama, Lindi, mpaka 2015, Abdulrahman Kinana, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa chama hicho, alipewa karipio. Hakufokewa tu: adhabu ile ilimzuia kugombea uongozi ndani ya chama kwa miezi 18. Mtu anaweza kukaripiwa asubuhi na mchana akala pilau na aliyemkaripia. Aliyepewa karipio huhesabu miezi.

Kwa hiyo nikamwambia muuza kahawa: kwa tulivyosikia, sema kakaripiwa. Hilo la kapewa karipio tulisubirishe mpaka tusikie habari ya barua ya adhabu. Na onyo mwachie yule mwingine wa pembeni ambaye bado hajapanda jukwaani.

Akanijazia kikombe. "Sawa, mwalimu. Na lile deni lako la juzi, nikuonye au nikukaripie?"