Pita katikati ya tope

Nimelisikia tena masika haya, neno ninaloambiwa kila mara na wageni ninaowaongoza msituni. Kundi la watu 30 kutoka Tanga mjini, raba nyeupe miguuni, tumeingia msitu wa Amani, huku Usambara Mashariki, hatujafika mbali, na mama mmoja ananiambia kwa upole: "Kaka, usiwe na wasiwasi, sisi tunapita pembeni tusije tukaiharibu njia." Nikameza mate. Alikuwa na nia njema, na hilo ndilo linalonichosha: wanaoharibu njia zetu wengi wao wana nia njema.

"Ukikwepa tope unaitunza njia." Hapana. Ukikwepa tope unazaa njia ya pili. Njia iliyopo imeshakanyagwa miaka mingi, udongo wake umeshindiliwa, na mguu wako wa leo hauiongezei jeraha la maana. Toka hatua mbili pembeni uone: majani yaliyooza, udongo laini wenye matundu ya kupitisha hewa na maji, miche ya miti isiyozidi urefu wa kidole. Hapo mguu wa kwanza unaumiza kuliko wa elfu. Waliopima jambo hili kwa kukanyaga na kuhesabu wamekuta mimea laini ya chini ya msitu inayopoteza nusu ya majani yake kabla haijapitiwa mara 100. Piga hesabu: watu 30 kwenda na kurudi ni mara 60. Makundi mawili, Jumamosi moja tu, kazi imekwisha.

Halafu yanakuja maji. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo ulioshindiliwa haunywi. Maji yanatiririka juu yake, yanachimba mfereji, mizizi inabaki wazi. Mgeni anayefuata hapendi kukanyaga mizizi, naye anakwepa. Wa baada yake anakwepa pale alipokwepea yeye. Njia ya mita moja inageuka uwanja wa mita nne, na ule udongo haukupotea: umeshuka na vijito mpaka mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani wanakokunywa watu wa Tanga mjini. Kwa hiyo raba iliyokwepa tope huku juu, tope lake limeelekea kule kule ilikotoka raba.

Kuna walimu huwaambia wanafunzi watawanyike "ili mzigo ugawanyike". Kwenye mwamba mtupu sawa. Kwenye msitu wetu, watoto 40 waliotawanyika ni vijia 40. Fuataneni mmoja nyuma ya mwenzake, katikati, topeni. Na magogo yaliyolazwa kukatiza njia si ya kukalia wala kusukumia kando. Yamewekwa kuyatoa maji njiani kabla hayajashika kasi.

Ushauri wangu haujabadilika, na wenzangu wananicheka: nunua buti za mvua, zile za mpira za kulimia. Kiatu cha bei kubwa kinamfundisha mwenye nacho kuogopa tope. Mwenye buti za mvua hana sababu ya kukwepa chochote.

"Ganda la chungwa ni mbolea." Mnashuka Muheza mnajaza mifuko machungwa, sawa, nani atapita Muheza bila chungwa? Lakini ganda lina mafuta yake na linaoza polepole mno, na kabla halijaoza kima ameshajua kwamba penye watu pana chakula. Baada ya hapo anakupora begi, halafu unakuja kumshtaki kwangu. Ganda lirudi nyumbani.

"Maua haya yamejaa duniani, nikichukua moja si kitu." Ni kweli urujuani wa Usambara umejaa madirishani Ulaya na Marekani. Chimbuko lake ni mimea iliyochukuliwa huku na Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mnamo 1892. Lakini hiyo ya madirishani ni ya kuoteshwa. Ya porini imejishikiza kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, nayo imebaki sehemu chache. Ukiing'oa, umepunguza kile kidogo kilichobaki. Piga picha.

"Nimelipa kiingilio, wataitengeneza wao." Hifadhi ilianzishwa 1997 na ina zaidi ya hekta 8,000. Hao "wao" wanahesabika, na mche uliokanyagwa hauna fundi wa kuurudisha.

"Sabuni kidogo kijitoni haina neno." Katika vijito vya Usambara Mashariki kuna kerengende asiyepatikana kwingine kokote duniani, na watoto wake huishi ndani ya maji hayo unayofulia soksi. Chota, sogea mbali na kijito, fulia huko.

Spika ibaki kwenye gari. Hilo sitalieleza.