Hojaji ya mwisho wa kozi haipimi alichojifunza mwanafunzi wa uzamili

Kozi ya uzamili inapofika mwisho, wanafunzi hugawiwa hojaji: "Je, kozi imekuongezea uwezo wa kuhakiki tafiti?" Wengi huweka tiki kwenye "nakubali sana", idara inapiga wastani, na ripoti inasema matokeo ya ujifunzaji yamefikiwa. Kazi yangu ni tathmini ya elimu ya juu, na naamini kilichopimwa hapo ni kuridhika tu.

Wanafunzi hawa hawaingii darasani mikono mitupu. Yumo muuguzi aliyekaa wodini miaka mingi, yumo mwalimu mkuu, yumo mhasibu wa halmashauri. Alama A haisemi kama uwezo huo ameupata kwenu au alikuja nao. Lazima apimwe anapoingia na anapotoka.

Wengi hapo huchagua njia nyepesi: mwanafunzi ajipe alama mwenyewe, mwanzoni na mwishoni. Oktoba anajipa 4 kati ya 5 katika kuhakiki makala za utafiti. Kufikia Juni ameshajua sampuli inavyoweza kuegemea upande mmoja na uhusiano wa takwimu unavyoweza kudhaniwa kuwa ni sababu; sasa anajipa 3. Kwenye jedwali ameshuka, ilhali amejifunza sana! Mwanasaikolojia George Howard na wenzake waliandika kuhusu jambo hili nchini Marekani mwaka 1979: rula anayojipimia ndiyo iliyobadilika. Walipendekeza mwanafunzi aulizwe mwishoni tu, alivyo sasa na alivyokuwa awali. Ni nafuu, lakini mtu aliyelipa ada na kukesha miaka miwili hupenda kujiona amepiga hatua, na kumbukumbu zake hufuata matamanio hayo.

Mimi napendelea kazi halisi. Tafuta makala mbili za utafiti zenye ugumu unaokaribiana. Nusu ya darasa waanze na ya kwanza na kumalizia na ya pili, nusu nyingine kinyume chake, ili wepesi wa makala usije ukahesabiwa kuwa ni maarifa. Kila mara waandike uhakiki wa kurasa mbili. Kisha ondoa majina na tarehe, changanya maandishi yote, na uwape wasahihishaji wawili wasiojua lipi ni la mwanzo.

Kigezo nacho kiwe cha kuonekana. Mfumo wa sifa za kitaaluma wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaweka uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10, lakini muhtasari wa kozi ukiandikwa "ataelewa mbinu za utafiti" hakuna wa kuupima. "Atatetea uchaguzi wa sampuli yake mbele ya jopo" unapimika.

Halafu wapimeni wasahihishaji wenyewe. Tuseme kila mmoja anaamua kama andishi limefaulu au la, na kati ya maandishi 40 wamekubaliana juu ya 28, yaani asilimia 70. Inaonekana vizuri. Lakini kama kila mmoja amefaulisha nusu, hata kwa kubahatisha wangekubaliana juu ya 20. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano ambacho 1 ni kukubaliana kikamilifu, huondoa hiyo bahati: (28 − 20) ÷ (40 − 20) = 0.4. Kwa uamuzi unaogusa shahada ya mtu, hiyo ni ndogo mno. Warudi mezani, wasahihishe maandishi machache pamoja, wabishane alama kwa alama, na waandike upya kigezo kilichowagawa kabla ya kugusa yaliyobaki.