Je, wajua kwa nini mbwa huvuta mguu ukimshika kucha?

Mbwa anayejilaza chali akunwe tumbo anaweza kuruka mara tu ukimshika kidole cha mguu. Wengi huuita ukaidi, wakamkandamiza chini ili kazi iishe. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Ndani ya kila ukucha wa mbwa mna nyama hai yenye mishipa ya damu na neva. Mkasi ukiifikia, damu hutoka na maumivu ni makali. Mbwa hushika kumbukumbu ya vyote vilivyokuwapo: mkasi, mlio wake na mkono uliomshika. Tena mguu ndio wa kukimbilia. Ukishikwa, anajiona amenaswa.

Kwanza hakikisha haumwi. Mbwa aliyekuwa akikubali kisha akakataa ghafla huenda ana jeraha. Tanua vidole utazame katikati: kupe hujificha humo, na miiba na funza pia. Ukiona jeraha, ni kazi ya daktari wa mifugo, si ya mafunzo.

Kama ni mzima, chemsha ini, likate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Gusa bega, kisha toa kipande. Gusa kiwiko, toa kipande. Shuka hivyo hadi kwenye vidole, dakika 2 au 3 kwa kikao, hata kama itachukua wiki kadhaa. Utaratibu ni mguso kwanza, ini baadaye. Ukitanguliza ini, atajifunza kwamba likitokea kuna jambo baya linafuata, na mwisho atalikataa hata hilo ini. Utajua somo limeingia pale unapogusa mguu naye akageuka upesi kutazama mkono wenye chakula. Baada ya hapo mwonyeshe mkasi, uugusishe kwenye ukucha bila kukata, kisha kata ukucha mmoja tu kwa siku.

Akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, akikutazama kwa pembeni hadi weupe wa jicho uonekane, au akikakamaa, rudi hatua moja nyuma. Akinguruma usimchape. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma anaweza kuacha kuonya akaja kuuma moja kwa moja. Akikuuma, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Tumia mkasi mkali wa kucha za mbwa. Kikata kucha cha binadamu huubana ukucha wa mviringo ukapasuka. Kata milimita 1 au 2 kwa mara moja. Kwenye ukucha mweupe ile nyama huonekana kwa rangi ya waridi. Mweusi ndio wenye mtihani: kila ukikata, tazama sehemu iliyokatwa. Mwanzoni ni kavu, kama chaki. Likianza kuonekana doa jeusi katikati, acha hapo. Damu ikitoka, gandamiza wanga wa mahindi kwa dakika 3 bila kufunuafunua.

Mbwa wengi wana kucha 18: 4 kila mguu, na 1 zaidi upande wa ndani wa kila mguu wa mbele. Huo wa ndani usisahauliwe. Kwa kuwa haugusi ardhi hausagiki, na huweza kujikunja ukachoma ngozi.

Ukisikia kucha zikigonga sakafu mbwa akitembea, zimezidi urefu. Usizikate zote fupi kwa siku moja, maana nyama ya ndani nayo imerefuka. Punguza ncha tu kila wiki. Nyama hiyo itarudi nyuma kidogo kidogo, nawe utapata nafasi ya kukata zaidi bila kumuumiza.