Kuni za gliserini: methanoli itoke kwanza

Lita 100 za mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, lita kama 20 za methanoli (alkoholi ya viwandani) na kostiki soda kidogo vinakupa lita 100 hivi za baiodizeli, mafuta ya injini za dizeli. Chini ya pipa panabaki lita nyingine 20 za kitu kizito, cheusi, chenye harufu ya sabuni. Baiodizeli ina wateja. Hicho kizito hakina, na nimeona watu wakikimwaga mtaroni usiku. Viwanda vikubwa hukisafisha mpaka kikawa gliserini ya dawa na vipodozi, lakini kwa sisi wa mapipa mawili matatu hapa Moshi, usafishaji wa namna hiyo haulipi. Kukigeuza kuni, yaani kukichanganya na maranda na kukishindilia kiwe magogo, kunalipa, mradi ujue unachokichezea.

Tuanze na kilichomo. Tunaita gliserini kwa mazoea tu. Ndani yake kuna gliserini yenyewe, kuna sabuni, kuna mabaki ya kostiki, kuna mafuta kidogo, na humo ndimo inamokimbilia sehemu kubwa ya methanoli uliyozidisha. Sabuni ndiyo rafiki yetu, kwa sababu ndiyo inayogandisha. Aliyetumia kostiki soda atakuta gliserini yake imeshikana ikipoa, hasa baridi ya Juni na Julai. Wa Marangu huko juu watalazimika kuipasha ndipo imiminike. Aliyetumia kostiki ya potasiamu, yake hubaki majimaji mwaka mzima, na gogo lake litahitaji kufungwa vizuri kwenye karatasi.

Methanoli ndiyo adui, na hapa sina mzaha. Ni sumu ileile iliyopofusha na kuua watu Afrika Mashariki ilipoingizwa kwenye pombe za kienyeji. Hupenya hata kwenye ngozi. Mwali wake juani hauonekani kabisa. Unaweza kusogea mpaka mkono uungue ndipo ujue panawaka. Kwa hiyo gliserini mbichi haichanganywi na maranda hata siku moja. Ukilitia jikoni gogo lenye methanoli, mvuke unalipuka usoni kwako kabla maranda hayajashika moto.

Namna ya kuitoa: pasha gliserini kwenye chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kupeleka mvuke kwenye kipoozeo, nje, mbali na moto wowote ulio wazi. Mimi napasha kwa koili yenye maji ya moto ndani yake. Huanza kuchemka nyuzi joto 65 au zaidi kidogo, na kadiri methanoli inavyopungua, joto linajipandia lenyewe. Usijaze chombo. Sabuni hufura povu, na povu likiingia kwenye bomba, utashinda siku nzima unazibua. Nusu ya chombo inatosha. Methanoli inayodondoka upande wa pili unairudisha kwenye kazi inayofuata ikiwa haina maji, na hilo peke yake linapunguza gharama kuliko kuni zenyewe.

Maranda si tabu kupata kwenye karakana za mbao. Ya mgrivea na msindano yananyonya vizuri yakiwa makavu kweli. Mabichi yanakuibia joto. Maganda ya kahawa nayo yanafaa, ingawa mimi huyachanganya na maranda kwa sababu yakiwa peke yake gogo linameguka. Naanza kwa uzito sawa, kilo kwa kilo, gliserini ikiwa ya uvuguvugu, kisha nauamini mkono. Nikikamata konzi na kuminya, gliserini ikichuruzika kati ya vidole, naongeza maranda. Konzi likisambaratika nikifungua mkono, naongeza gliserini. Glovu za mpira ni lazima, kostiki bado imo. Halafu nashindilia kwenye bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa kwa urefu, lililotandikwa karatasi ya mfuko wa saruji, nafunga kamba na kuacha ligande.

Usitarajie muujiza wa joto. Kilo ya gliserini safi ina joto la megajuli 16 hivi, ambayo ni chini kidogo ya kuni kavu. Faida ya gogo hili ni kwamba limeshindiliwa, linawaka polepole, na limetoka kwenye vitu viwili ambavyo vingetupwa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote: mama anaweza kulipikia? Hapana. Gliserini ikipata moto hafifu hutoa akrolini, gesi inayochoma macho na koo. Muuza chipsi anaijua bila kujua jina lake: ni ule mvuke mkali wa mafuta yaliyoungua kwenye karai. Kwa mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dohani, gogo hili ni la kumtesa mtu, na kwenye nyama choma ndiyo kabisa usilitaje. Mahali pake ni boila la maji ya kuoga kwenye lodge au tanuri la matofali, penye moto uliokwisha kukolea na hewa ya kutosha. Unawasha kwa kuni za kawaida, sehemu ya moto ikishakuwa nyekundu ndipo unasukumia gogo. Moshi mweupe unaowasha macho ukitokea, ujue moto umekuwa mdogo. Ongeza hewa, usiongeze gogo.

Majivu yake ni mengi kuliko ya kuni, na yale ya kostiki soda huyeyuka na kugandamana kwenye vyuma vya jiko, kwa hiyo yabanduliwe kila yanapopoa. Usiyapeleke kihambani, kwenye shamba la nyumbani, maana chumvi ya sodiamu inaharibu udongo. Ya kostiki ya potasiamu ni habari nyingine: migomba na kahawa vinapenda potasiamu, ukinyunyiza kidogo kidogo. Kostiki hiyo ni ghali zaidi, lakini mwenye shamba apige hesabu ya yote mawili.

Masika yakikaribia, yaweke magogo juu ya chanja, ndani. Gliserini hunyonya unyevu wa hewani, na gogo lililolala sakafuni mwezi wa Aprili linatoka jasho mpaka karatasi inaachia.