Je, wajua kwa nini muuguzi anayesoma hulala na bado akaamka amechoka?

Muuguzi wa Tanga atokapo zamu ya usiku, jua limekwisha kupanda juu ya Raskazone, naye hurudi nyumbani Ngamiani akiwa na madeni mawili: usingizi wa usiku mzima, na sura mbili za famakolojia, yaani elimu ya dawa, za kumaliza kabla ya mtihani. Jamaa zake humwambia, "Pole, lala upumzike." Hulala, na jioni huamka hoi vilevile.

Sababu ya kwanza imo mwilini. Ubongo una saa yake inayoongozwa na mwanga, na usingizi mzito huhitaji joto la mwili lishuke, jambo ambalo hutokea usiku. Mchana joto hilo hupanda, na chini ya bati la Tanga mwezi wa Februari hata feni hupuliza hewa ya moto, hivyo usingizi huwa mfupi na mwepesi. Tena usingizi ndio wakati ambao ubongo huyaimarisha yaliyosomwa ili yadumu. Anayeukata usingizi ili asome hulazimika kurudia ukurasa uleule mara tatu, na kila marudio humla usingizi mwingine. Kwa hiyo masomo hayaongezi saa za kazi tu, bali hula zile saa za usingizi ambazo zilipaswa kuufidia uchovu wa kazi.

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya mambo kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Muuguzi aliyeamka saa 12 asubuhi, akahudhuria vipindi mchana, kisha akaingia wodini, hufikia hapo saa 5 usiku, ilhali dawa za alfajiri bado zinamsubiri azipime.

Hata hivyo, kuchoka huko si kile ambacho wataalamu hukiita uchovu wa kazi uliokithiri. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York aliyekuwa akitibu wateja wake mchana na kujitolea katika kliniki ya bure jioni. Yaani, aliyeieleza alikuwa mwenyewe na mizigo miwili. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, huitambua kuwa ni hali itokanayo na kazi, si ugonjwa, na huitaja kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kuwa baridi juu ya kazi, na kujiona hufai. Dalili ya pili ndiyo inayonitisha zaidi, kwa maana huja kimyakimya: yule mama aliyeletwa kutoka Pangani hugeuka kuwa "kitanda namba nane", na muuguzi mwenyewe hashtuki.

Mtafiti Robert Karasek alieleza mwaka 1979 kwamba kinachoumiza zaidi ni majukumu mazito yanapokutana na uhuru mdogo wa kuyapanga. Anayesoma ana mabwana wawili wa namna hiyo, kwani ratiba ya zamu hupangwa na mkuu wa wodi na tarehe ya mtihani hupangwa na chuo, wala wawili hao hawaulizani. Ndiyo maana kubadilishana zamu mbili na mwenzake katika wiki ya mtihani humsaidia kuliko chupa nzima ya vitamini, alimradi ratiba ibandikwe ukutani mapema kiasi cha kumwezesha kuomba.