Uchumi Umekua, Je, Watoto Nao?

Tanzania ilipoafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mageuzi ya uchumi mwaka 1986, bidhaa zilizoadimika kwa miaka zilikuwa zimeanza kurudi madukani. Shida ikawa pesa ya kuzinunua. Kipindi hichohicho wazazi walianza tena kulipia elimu ya msingi, na kuanzia 1993 wagonjwa wakachangia gharama za hospitali za serikali. Watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa, ila dawa zikiisha zahanati, msamaha huo haukumsaidia mzazi aliyeelekezwa dukani.

Uandikishaji shule za msingi, uliokuwa umevuka asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya asilimia 80 katika muongo uliofuata. Ada ilipofutwa mwaka 2001, madarasa yakafurika. Wapo waliosema wazazi wa vijijini hawathamini elimu. Msongamano ule uliwajibu.

Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikwama miaka ya 1990, malaria na UKIMWI vikichangia. Baadaye vilishuka, na utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha vifo 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Hayo ni mafanikio makubwa.

Lakini sisi tunaoshughulika na lishe tuna jambo jingine linalotukera. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 30 ya watoto wa umri huo wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, na Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, wamezidi nusu. Njombe na Rukwa wako karibu na hapo. Ghala limejaa, mtoto ana njaa ya aina nyingine: uji wa sembe mtupu asubuhi na jioni, bila maharage, dagaa wala tunda. Mama anashinda shambani tangu alfajiri, mtoto wa miezi minane analishwa na dada yake ambaye naye bado ni mtoto. Kuhara na minyoo humalizia kile kidogo kilichoingia tumboni. Kipato cha kaya hakikuonyeshi hayo, kwa sababu pesa ya mahindi ina njia nyingi kabla ya kufika kwenye sahani ya mtoto, na mara nyingi si mama anayeishika.

Kwa hiyo ukienda kliniki, omba mtoto apimwe urefu pamoja na uzito. Udumavu hauonekani kwenye mizani, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri tu.